Kabla ya Ndoano, Jifunze Kuanguka Majini

Iko siku moja, mwanangu Aline, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Siku hiyo nililowa kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, nikapoteza kitambaa changu kizuri cha kichwa, na nikahakikisha kwamba baba yako, kaka yangu Deo, ni mtu asiyeambilika. Hilo la mwisho nilikuwa nalijua tangu tukiwa watoto, lakini siku hiyo nilipata ushahidi.

Sikutaka kukusimulia leo. Nilikuwa nimekaa hapa mlangoni, nachambua maharage yangu kwa amani, mara nikakuona unapita na ile kayaki yako ya rangi ya chungwa, wewe umeshika mbele na rafiki yako ameshika nyuma, mnateremka ziwani saa tisa alasiri, wakati upepo umekwisha kuanza kuchana majani ya migomba. Nikakuuliza jile yako iko wapi, lile koti la kuelea. Ukanijibu mimi shangazi yako, "Iko ndani ya kayaki, Tantine. Nitavaa kukiwa na shida." Nikakuuliza kama umekwisha kuanguka na hicho chombo majini hata mara moja, ukaona inavyokuwa. Ukacheka. Ukasema wewe unaenda kuvua, huendi kuanguka.

Ndiyo maana nimekurudisha. Naona umenuna. Nuna tu, mwanangu. Kaa hapo kwenye kigoda, unune ukiwa mkavu. Mtu aliyelowa hata kununa hawezi, meno yanamgongana.

Sasa sikiliza.

Tulikuwa tumerudi kutoka ng'ambo, kule Congo, upande wa Bukavu ambako tulizaliwa, tukaja kukaa hapa Nkanka, nchi ya wazee wetu. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki. Tulikuwa watatu nyumbani: mama yetu, yaani nyanya yako ambaye hukumkuta, baba yako Deo, na mimi. Mama alikuwa akiuza sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wa kukausha. Mimi nilikuwa namsaidia. Deo alipata kazi ya kutunza bustani kwenye nyumba moja ya wageni hapo ziwani, akawa anakata majani na kumwagilia maua, na muda wote macho yake yako kwa wageni waliokuwa wanatembea majini na kayaki.

Siku moja mwenye nyumba ile akaleta kayaki mpya. Ya zamani ikatupwa nyuma ya jiko. Ilikuwa ya buluu, jua limeifubaza, ina viti viwili na ufa mkubwa nyuma. Deo akaiomba, akapewa. Akaibeba mpaka nyumbani kichwani kama anabeba jeneza, akachukua vipande vya bido, dumu la plastiki, akapasha chuma motoni, akayeyusha plastiki juu ya ufa mpaka ukafungika. Hapo nimsifu, kwa sababu mikono anayo. Kinachomsumbua kiko juu ya mikono, pale mabegani katikati.

Akatuita mimi na Mama uani. "Muko naona hii? Banaume ba sambaza banaenda usiku, bantu wengi, mitumbwi tatu imefungwa pamoja, mataa, kelele. Mimi nitavua tilapia, muchana, na ndoano. Bantu wawili tu. Yvonne atakaa mbele."

Yvonne ni mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Mama akaizunguka kayaki ile, akaigusa kwa mguu. Akasema, "Iko nyepesi sana."

"Njo uzuri yake, Mama."

"Muntu mwenye alikufundisha kuendesha ni nani?"

"Mama, niko naona bazungu kila siku. Ni kupiga kafi kushoto, kupiga kafi kuume. Bo banakuya hapa kupumzika, na banaweza. Mimi mwenye nilikomaa karibu na maji nitashindwa?"

Umesikia? Hivyo hivyo ndivyo ulivyonijibu wewe wiki iliyopita, tofauti ni kwamba yeye aliwaona wageni na wewe umeona kwenye simu. Damu ni kitu cha ajabu. Na zaidi ya hapo, alikomaa karibu na maji ni kweli, lakini hakuwahi kuogelea mahali ambapo miguu yake haigusi chini. Mimi ndiye niliyekuwa naogelea. Yeye alikuwa anasimama kwenye maji ya kifuani, anarusha mikono.

Siku tuliyokwenda, Mama alituuliza tena mlangoni, "Muko naenda wapi?"

"Pale ku majiwe, Mama. Karibu tu. Utakuwa natuona hapa mulangoni."

"Basi mubakie pale. Musiende kwingine."

"Ndiyo, Mama."

Tukateremka. Deo alikuwa amevaa mabuti ya mpira, yale marefu ya shambani, eti ili asiloweshe miguu. Jile mbili alizopewa pamoja na kayaki alikuwa amezifunga kwa kamba juu ya viti, moja kiti changu, moja kiti chake, kwa sababu viti vile vilikuwa vigumu na vilikuwa vinaumiza makalio. Ndiyo, mwanangu. Tulikuwa tumekalia uhai wetu. Nikamwambia, "Deo, si tuzivae?" Akasema, "Jua kali hivi, utavaa koti?" Nikakaa. Na kweli ilikuwa laini.

Kupiga kafi kulitupa kazi. Mimi nikipeleka kushoto, yeye anapeleka kuume, makafi yanagongana, maji yananirukia mgongoni, na kila yanapogongana anasema ni kosa langu, ilhali mimi niko mbele na sina macho kisogoni. Tukazunguka kama kuku aliyefungwa mguu mmoja. Wanawake waliokuwa wanafua pwani walisimamisha kazi kututazama. Mwishowe tukafika kwenye majabali, pale ambapo Mama alikuwa anatuona, tukateremsha ndoano. Tukangoja. Hakuna kitu. Minyoo inaliwa na vidagaa, ndoano inarudi tupu.

Deo akaanza kutikisa kichwa. "Hapa hakuna samaki. Tuende kule nyuma ya kilima."

Unakijua kile kilima kinachoingia ziwani kama pua. Ukipita nyuma yake, hakuna mtu wa nyumbani anayekuona tena, na mbele yako ni maji matupu mpaka Congo.

Nikamwambia, "Mama alisema tubakie hapa."

"Mama njo anajua kwenye samaki iko?"

"Mama anajua kwenye sisi tuko."

Akapiga kafi. Ungefanya nini? Mtu aliye nyuma ndiye anayeongoza chombo. Nilikasirika, nikaweka kafi langu mapajani, nikakataa kupiga. Akatupeleka peke yake, huku anaimba.

Tulipofika kule, akatoa jiwe alilokuwa amelifunga kamba. Hiyo ndiyo nanga yetu. Akalitupa majini, na kamba akaifunga kwenye mshikio wa katikati, ubavuni, pale alipoweza kufikia bila kugeuka. Nami sikuwa najua lolote kuhusu kayaki, lakini niliona jambo moja: kila wimbi likija, ule ubavu wenye kamba unavutwa chini, halafu unarudi. Nikasema, "Deo, hiyo kamba ungefunga ku ncha." Akasema, "Wewe vua."

Akapata tilapia mmoja. Mdogo, mwanangu, wa kujaa kiganja changu hiki. Ukimsikia leo kwenye harusi akisimulia, yule samaki amekwisha kufika urefu wa mkono, na kila harusi anaongezeka. Nilikuwepo. Kiganja.

Alifurahi mpaka akainuka kunionyesha. Na kuinuka kule, upepo ukiwa umekwisha kuwa mkubwa bila sisi kuutazama, wimbi likaja ubavuni upande wa pili, kamba ikakaza, na kayaki ikapinduka taratibu kama mtu anayegeuka kitandani. Hakuna kishindo. Nilikuwa juu, halafu nilikuwa chini.

Maji yetu ni baridi, unajua. Na yalivyo na kina, ukifungua macho chini yako huoni chochote ila weusi. Nikatoka juu, nikashika tumbo la kayaki, nikaita, "Deo!" Kimya. Nikaita tena. Nikaona mkono wake unatokea, unazama, unatokea. Kamba ya nanga ilikuwa imemzunguka mguu, na buti limejaa maji.

Sijui nilipataje nguvu. Niliachia kayaki, nikaingia chini, nikaufuata mguu wake kwa mikono, nikakuta kamba imeshika pale kwenye kifundo juu ya buti. Niliivuta, haikutoka. Alikuwa ananipiga teke bila kujua, teke moja lilinipata kwenye shavu. Nikashika buti lenyewe, nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Likachomoka. Kamba ikaondoka nalo. Tukatoka juu pamoja, yeye anatapika maji, mimi namshikilia kola ya shati, nikampeleka mpaka akashika kayaki.

Neno lake la kwanza, mwanangu, nakuapia, lilikuwa, "Samaki iko wapi?"

Karibu nimwachie.

Tukajaribu kupanda. Tukaigeuza kayaki ikae vizuri, halafu sote wawili, kama wajinga, tukapanda upande mmoja. Ikatuangukia. Tukaigeuza tena, tukapanda tena upande ule ule, ikatuangukia tena. Deo akajaribu kuweka goti kwanza, kama mtu anayepanda ukuta. Ikateleza. Kila tulipojaribu mikono ilikuwa inalegea zaidi, na kila nilipoinua macho kile kilima kilikuwa mbali zaidi, kwa sababu jiwe lilikuwa limechomoka kwenye kamba na upepo wa kiangazi ulikuwa unatusukuma kwenda ng'ambo. Jile zilikuwa pale pale, zimefungwa imara juu ya viti, na vidole vyetu vilikuwa vimekufa ganzi, havikuweza tena kufungua fundo. Deo akaacha kusema. Hapo ndipo niliogopa kweli. Deo ambaye hasemi, sijawahi kumwona kabla wala baada.

Nikaanza kuomba. Naye akaomba, kwa sauti ndogo sana, akichanganya maneno ya Salamu Maria.

Waliotuona ni wanawake waliokuwa wanatoka kisiwani Nkombo na boti la mota, wamepakia avoka na mikungu ya ndizi kwenda soko la Kamembe. Boti likageuka, likaja, tukavutwa ndani kwa mikono na kwa nguo, tukatupwa juu ya avoka. Nilifikiri watatupa pole.

"Ni batoto ba nani hii?" mmoja akauliza.

"Batoto gani? Angalia ile ndevu!"

"Na ule mwingine ni musichana! Maskini, amefuata mupumbafu."

Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma, aliyekuwa ameishika kayaki yetu kwa kamba ili isipotee, akaitazama, akatutazama sisi, akaitazama tena. Akasema taratibu, kama anayeuliza swali la katekisimu, "Papa, ile koti ya kuelea, muliifunga ku kayaki juu ya nini? Kayaki njo ilikuwa inaogopa kufa?"

Boti lote likacheka. Walicheka na kutugombeza mpaka pwani, na kati ya vicheko mmoja wao alinivua blauzi iliyolowa, akanifunga kitenge chake kikavu, akanisugua mgongo kama mtoto wake. Hakuniambia jina lake. Namwombea mpaka leo.

Sasa nikuambie kilichotokea nchi kavu. Mama alikuwa ametazama majabali, hakutuona. Akangoja, akatazama tena, hakutuona. Upepo ukawa mkubwa. Akakimbilia kwa jirani yetu, Mzee Yohana, mzee wa watu aliyekuwa na mtumbwi mmoja tu, ndio uliokuwa unamlisha. Mzee Yohana hakuuliza mara mbili. Akaingia majini na ule upepo, peke yake, akaenda moja kwa moja kule tulikosema tutakuwa. Akatutafuta kati ya majabali, akaita majina yetu. Wimbi likaubamiza mtumbwi wake kwenye jiwe, ubao ukapasuka. Alirudi pwani akitembea majini, ameshika kichwa chake, anadhani tumekufa na yeye amechelewa.

Mtu mzuri kama yule alikaribia kufa akitutafuta mahali ambapo hatukuwepo. Hilo, mwanangu, ndilo linaloniuma kuliko teke la Deo. Baba yako alikwenda kwake siku baada ya siku baada ya kazi, wakautengeneza ule mtumbwi pamoja, na Mzee Yohana hakumwambia neno baya hata moja. Afadhali angemwambia.

Mama alipotuona tunateremka kwenye boti, hakulia. Hakutukumbatia. Alimtazama Deo, buti moja mguuni, mguu wa pili mtupu. Akanitazama mimi na kitenge cha mtu. Akasema, "Muende nyumbani. Kuna uji." Basi. Usiku mzima hakusema kitu kingine, na mimi niliona afadhali angepiga.

Asubuhi na mapema akatuamsha. "Mubebe ile kitu yenu."

Tukadhani anataka kuichoma. Tukaibeba mpaka pwani. Akaketi juu ya jiwe, akakunja mikono.

"Muvae ile makoti."

Tukavaa.

"Muingie mu maji. Pale kwenye inafika ku kifua."

Tukaingia, tukapanda.

"Sasa muanguke."

Deo akasema, "Mama, nini?"

Hapo ndipo alipofungua kinywa chake. "Mimi nilivuka ile daraja ya Rusizi na nyinyi wawili, godoro iko ku kichwa, nikigeuka kila mara kuangalia kama muko wote. Sikuwaleta hapa mukufe juu ya samaki. Munapenda kuvua? Muvue, sikatai. Maji haiko yangu. Lakini muntu mwenye hajui kurudi ku kayaki yake, haiko muvuvi, iko chakula. Leo munaanguka. Kesho munaanguka. Siku mutaanguka na mutapanda bila kuita Mungu, njo mutaenda. Anguka!"

Tukaanguka.

Mwanangu, tulianguka asubuhi ile mpaka maji yakatutoka puani. Kesho yake tukaanguka tena. Wanawake wanaofua walikuwa wanakuja mapema ili wapate mahali pazuri pa kukaa. Watoto wa shule walikuwa wanapita njia ya pwani makusudi, wanapiga kelele pamoja na Mama, "Anguka! Anguka!" Deo, mwanaume mwenye ndevu, mwenye kazi yake, anaangushwa na mama yake mbele ya kijiji. Akaniambia atahamia Kigali. Nikamwambia aende, lakini aanguke kwanza, maana Mama anangoja.

Na polepole tukajifunza. Tukajifunza kwamba mmoja anashika upande wa pili akiuvuta chini, ndipo mwenzake apande. Tukajifunza kwamba hupandi kwa goti, unapanda kwa tumbo: unalala juu ya maji, unapiga miguu nyuma mpaka mwili uko sawasawa, unajisukuma ukalala kwa tumbo kukatiza kayaki, unapumua, halafu unageuka ukakaa, na miguu unaiingiza mwisho. Tukajifunza kuanguka bila kuachia kafi. Halafu Mama akataka tuanguke mmoja mmoja, peke yake, bila wa kumshikia. Halafu na nguo zote. Halafu, siku yenye upepo, karibu na pwani, na mawimbi. Siku hiyo ya upepo Deo alianguka, akapanda, akakaa, akafuta uso, na hakutazama pwani kuona nani anacheka. Mama akasimama, akapangusa kitenge chake. "Sasa muende," akasema, akapanda mlima kwenda kupika.

Mimi sikurudi tena kwenye kile kiti cha mbele. Nilikuwa nimeshiba. Deo ndiye aliyeendelea, akawa anavua vizuri, akawa anatuletea tilapia wa kweli, siyo wa kiganja.

Miezi ilipita. Mchana mmoja, tukiwa jikoni mimi na Mama, Deo akarudi mapema kuliko kawaida. Hakuwa na samaki. Alikuwa amelowa mwili mzima. Akavua jile yake, akaitundika kwenye msumari pale nje, akaingia, akakaa. Jile ikawa inadondosha maji, to, to, to, juu ya udongo. Mama akaitazama jile. Akamtazama Deo.

"Ulianguka?"

"Nilianguka."

"Karibu?"

"Mbali, Mama. Sikuona muntu."

"Ulipanda?"

"Nilipanda."

"Kula."

Akampakulia ugali na maharage, akaongeza, akamwekea na pilipili anayoipenda. Deo akala mpaka sahani ikabaki tupu. Mama akatoka nje kama anakwenda kuangalia mbuzi. Alipokawia nikamfuata.

Nilimkuta ameshika nguzo ya banda, analia. Hakuwa analia kidogo. Analia mpaka mabega yanaruka, na kona ya kitenge ameiingiza mdomoni ili Deo asisikie. Nikamwambia, "Mama, si amerudi? Ile siku ya kwanza hukulia, leo unalia nini?"

Akasema, "Ile siku nilikuwa na hasira, Yvonne. Hasira ilinishikilia. Leo sina."

Sikumwona akilia tena mbele yangu kwa jambo lingine lolote.

Basi ndiyo hiyo. Na sasa baba yako yuko Kamembe, ana tumbo lake na duka lake, anakununulia kayaki mpya ya rangi ya chungwa, na hakuambii hata nusu ya haya. Anakuambia habari ya samaki mkubwa! Nilimpigia simu leo, kabla hujakaa hapo. Nikamwambia, "Deo, mutoto wako anateremka ziwani jile iko chini ya makalio." Akasema, "Wacha, Yvonne, atajifunza." Nikamwambia, "Atajifunza kwa nani? Kwa maji?" Akasema, kwa sauti ile ndogo ya siku ya Salamu Maria, "Basi umwambie wewe. Mimi nikianza, nitashindwa kumruhusu." Kwa hiyo nimekuambia. Kaka yangu ni mtu wa kuchosha, lakini si mtu mbaya.

Mimi sikukatazi kuvua, mwanangu. Unafanya kazi wiki nzima pale hospitali, ukitaka Jumamosi yako iwe ya maji na ndoano, ni yako. Lakini jile inavaliwa nchi kavu, na inafungwa mpaka shingoni, kabla mguu haujagusa maji, kwa sababu shida haitakupa nafasi ya kufunga vifungo. Usivae buti wala kitu kizito kitakachojaa maji. Kamba ya nanga uifunge kwenye ncha, kamwe usiifunge ubavuni, na fundo lake liwe la kuachia kwa kuvuta mara moja, na uwe na kisu kifuani mahali mkono wako unapafikia hata macho yakiwa yamefumba. Nenda asubuhi. Majani ya migomba yakianza kugeuka, wewe geuka, hata kama samaki ndiyo kwanza wanaanza kula, hasa kama ndiyo kwanza wanaanza kula, maana hapo ndipo mtu anapojidanganya. Pita kwanza kwa watu wa koperative ya wavuvi uwaulize wapi panaruhusiwa na wakati gani, usiende kuanza ugomvi na watu wanaokula kwa ziwa hilo. Na usisogee kule kati: mpaka hauna ukuta wala kamba, lakini askari wa majini wa huku na wa kule wanajua ulipo, na upepo haukuulizi kitambulisho.

Na ukisema unakwenda kwenye majabali, uwe kwenye majabali. Samaki wakikosekana, rudi nyumbani mikono mitupu, utakula maharage. Kuna mtu atakuja kukutafuta pale pale uliposema, na yeye pia ana mama au ana watoto. Ukihama bila kumwambia mtu, umemtupa majini na yeye.

Hayo yote yanakuja baada ya kuanguka. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, tunateremka wote wawili. Mimi nitakaa pale juu ya jiwe na mwavuli wangu. Utaanguka mpaka uchoke, na ukichoka utaanguka tena, kwa sababu utakapoanguka kweli utakuwa umechoka tayari. Mwambie na huyo rafiki yako aje. Wafuaji watafurahi.

Sasa njoo hapa, inamisha hicho kichwa kigumu. Mungu aliyetupitisha darajani na godoro letu akuweke. Akupe masikio mapana kuliko ya baba yako. Mikono yako ipate nguvu ya kupanda kila mara utakapoangushwa, majini na nchi kavu. Maji yakujue, yasikutamani. Na akurudishe kwangu kila Jumamosi ukiwa na njaa, uingie hapa ukilalamika kwamba chakula kimechelewa, na mimi nikugombeze. Amina. Haya, nipe hiyo sinia ya maharage, umenichelewesha vya kutosha.